Server yangu ilikataa simu zote mbele ya mwenyekiti wa mfereji

Wakuu, salamu kutoka Mata, huku Taveta. Nawaambia vile ilivyokuwa, hata penye niliaibika.

Huku kwetu shamba hunyweshwa kwa zamu, mfereji ni mmoja. Zamu ziko kwa kitabu, na kitabu anakaa nacho mwenyekiti.

Zamu ya mama ni Alhamisi. Mara tatu amefika na jembe akapata jina lake limefutwa, limeandikwa la shemeji ya mwenyekiti. Nyanya zikaanza kukauka.

Mama ni mtu wa kunyamaza. Mimi siwezi.

Nafanya kazi kwa cyber pale Voi, coding nilijifunza mwenyewe. Katibu wa mfereji alinipa zile zamu za kwanza, zenye wanachama wote walikubaliana. Nikatengeneza page ndogo, laptop yangu ikawa ndio server ya kuitoa, kila mtu ajisomee kwa simu yake.

Siku ya mkutano wa wanachama nikawasha hotspot, wifi yangu mwenyewe, watu wakaunganisha. Kwa laptop page inafunguka vizuri.

Kwa simu, hakuna. Hata moja.

Mwenyekiti akacheka. "Msichana, rudisha hiyo mashine Voi. Sisi tuendelee na kitabu."

Niliskia uchungu, wakuu. Mama alikuwa anaangalia chini. Na makosa ni yangu, kule Voi nilijaribu kwa laptop peke yake.

"Mzee, sikai chini mpaka ifunguke."

Nikaangalia config, ile mipangilio ya server. Server ilikuwa inasikiliza 127.0.0.1, yaani laptop inajisikiliza yenyewe tu. Ni kama kufungulia shamba lako maji na kuzibia jirani. Nikaweka 0.0.0.0, yaani isikilize kila aliyeunganisha, port, ule mlango wa kuingilia, nikaacha 8000, nikarestart. Firewall, ule ulinzi wa laptop, ikauliza kama simu ziingie, nikaruhusu. Nikawasomea IP ya laptop, yaani anwani yake, wakaandika.

Mama mmoja mzee wa nyuma akasoma kwa sauti, "Alhamisi, Mama Eliza." Eliza ndio mimi. Wa kando yake akasoma hivyo hivyo.

Mwenyekiti akasema nizime.

"Sizimi, mzee. Kila mtu apige screenshot kwanza."

Wakapiga, mmoja mmoja, na mimi nangoja. Ndio nikazima, maana 0.0.0.0 huwezi acha wazi kwa wifi yenye yeyote anaweza kuingia.

Nilichojifunza: kabla uite watu, jaribu na simu yenye si yako. Na ukichekwa, rekebisha ukiwa hapo hapo mbele yao.

Wenye localhost, hiyo 127.0.0.1, ishawahi kuwaaibisha, semeni hapa chini.

Na kama mwenyekiti atasomewa hii, asomewe mpaka mwisho: Alhamisi iliyofuata mkutano mama alifungua maji mwenyewe, na Alhamisi ijayo atafungua tena.