Mikwaruzo Alivyomsoma Mama Funguo

Mkutubi wetu, yule kijana anayetunza vitabu vya mtaa, amenikaba kooni niandike habari za Mikwaruzo. "Kurasa mbili tu, bibi," anasema, kama vile maneno ni maji ya bomba, unafungua yanatoka. Shule niliiacha darasa la tatu, na kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko pasi. Lakini nikikataa ataandika yeye, naye ataandika kwamba Mikwaruzo ana sauti ya kipekee. Kipekee kitu gani? Sauti yake ni mbaya. Tuanzie hapo.

Ni kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Hakuzaliwa nayo hivyo. Ujana wake wote alikaa dirishani pale zahanati akiita wagonjwa mmoja mmoja, watoto wanalia, wazee hawasikii. Siku anastaafu, sauti ilikuwa imeshatangulia. Ndipo wakatokea watu wanaorekodi vitabu kwa ajili ya wasioona, wanatafuta wasomaji wa kujitolea, naye akaenda. Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wakampa kitabu kile cha zamani walichosomeshwa watoto wetu wote, cha mjane anayetembea na funguo za nyumba kiunoni, anayemfukuza mke wa mwanawe mvua ikinyesha. Aliyepita darasani anamjua mjane yule kama zimwi. Hata watoto wakigombana huitana "Mama Funguo".

Rekodi ikatufikia kazini. Nilikuwa napiga pasi kwa dobi, chumba cha nyuma, mashuka ya hoteli, mvuke mpaka kope zinalowa. Mwenzetu mmoja akaiweka simu juu ya rafu ya sabuni. Mwanzo tulimtania Mikwaruzo wa watu: "Mgonjwa anayefuata, aingie!" Kisha, mmoja mmoja, tukaisogelea rafu.

Mikwaruzo, mwanamke yule, hakuigiza. Hakumpa mjane sauti ya kikongwe wala hakumpa mkwe sauti ya njiwa. Alisoma kama anayekupa habari za jirani huku anachungulia mlango, jirani asije akatokea. Alipofika pale penyewe, pale mjane anaposema "Toka nyumbani kwangu", akatua. Ukamsikia anameza mate. Halafu akayasema maneno yale polepole, kama mtu anayeomba abishiwe. Hakuna aliyembishia. Mkwe akatoka.

Shuka langu likaungua, alama ya pasi imekaa katikati kama ulimi. Msimamizi akaja anafoka. Nikamwambia, "Foka sura hii ikiisha."

Mtaniuliza inanihusu nini. Nakaa na mwanangu na mkewe. Funguo za kabati la chakula ninazo mimi, nimezifunga pindoni mwa kanga, kiunoni, na hapo ndipo zitakapokaa. Basi mmeshajua.

Mwaka huu wenye rekodi wametoa mpya na ile ya Mikwaruzo wameiondoa. Eti wanaboresha. Mkazamwana wangu akaniletea hiyo mpya kwenye simu yake, zawadi, tumeshakula, tumekaa wote sebuleni. Msomaji kijana, sauti asali tupu, kinanda kinalialia nyuma yake. Alipofika kwa mjane akakoroma, akakohoa, akacheka kichawi, kisha akabweka: "TOKA!" Wajukuu wakaangua kicheko. Mkazamwana naye akacheka, na jicho lake likaniteremkia kiunoni.

"Zima," nikasema.

"Mama, si kile kitabu chako unachokipenda?"

"Si kile."

"Maneno ni yale yale, mama. Hata nukta hawajagusa."

"Maiti naye ana pua ile ile aliyokuwa nayo jana."

"Jamani, mama! Hadithi tu hii. Na yule bibi alikuwa mbaya kweli."

"Mbaya kama nani?"

Mwanangu akakumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kutazama nje.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mikwaruzo. Nikamkuta anamenya vitunguu, kitambaa shingoni. Habari alishapewa.

"Wamesema nakwaruza masikio," akasema. "Wana haki yao. Hata mimi nikijisikia natamani kujikimbia."

"Sikuja kukuuliza unajionaje. Nimekuja kukuchukua ukasome kwangu."

"Sauti imekwisha, mwenzangu."

"Ulikuwa nayo lini? Vaa viatu."

Akaja. Wajukuu wananung'unika mbona hakuna kinanda, mkazamwana kasimama mlangoni, mikono kifuani, kama askari wa zamu. Mikwaruzo akafungua kitabu palepale pa mvua. Sauti ikamkatika, akanywa maji, akaendelea. Alipopafikia, akatua. Akatua mpaka mjukuu wangu mdogo akanong'ona, "Kasahau?"

"Nyamaza wewe," mama yake akamwambia.

"Toka nyumbani kwangu," akasoma Mikwaruzo, na wala hakupandisha sauti.

Nikasikia mlangoni, "Mbishie!" Mkazamwana wangu alikuwa ameshusha mikono, anasema na kitabu. "Mbishie, dada wewe! Hataki utoke, humwoni?"

Mkwe wa kitabuni akatoka vilevile. Kitabu kimeandikwa, hakisikii.

Mikwaruzo akafunga. Mkazamwana akajifuta uso kwa upande wa nguo, akajikaza: "Lakini bado alikosea."

"Nani kakwambia hakukosea?" nikasema. "Alikosea kama mtu. Yule wenu wa kinanda anatufanya tuone zimwi, na zimwi nani ahangaike kulibishia?"

Samahani sikuomba. Ila siku ya pili yake mkazamwana aliniomba sukari, nikamwambia imekwisha. Zamani angegeuka akaenda zake na moyo umevimba. Safari hii akasimama palepale.

"Haijaisha, mama. Fungua kabati tuone."

Nikafungua. Funguo bado ninazo mimi.

Sasa zamu yako. Rekodi ya Mikwaruzo wameiondoa kwao, lakini mahali fulani ipo, kwenye simu yako ile ya zamani uliyoitupa kwenye droo kwa sababu chaja imepotea. Itafute hiyo chaja. Ukiikuta rekodi, mpelekee mkutubi, na umwambie nimesema mimi: asisafishe hata kikohozi kimoja.