Jonali na Milango ya Limfu

Kwa miaka sita Jonali Phukan aliiandama seli ya saratani ya kinywa, akitaka kujua inavyotoka ulimini, ikaingia kwenye mishipa ya limfu na kuibukia kwenye tezi za shingo. Panya wake walimfia, rangi zake zilichujuka, marafiki aliosoma nao wakaolewa na kuzaa. Kisha asubuhi moja mishipa ikang'aa kijani chini ya hadubini, seli zikaonekana zikipenya mojamoja. Alipiga ukelele hata wa maabara ya pili wakadhani ameungua.

Siku ya kuutetea utafiti huo iliangukia mkesha wa sikukuu ya Bihu, na ukoo mzima ukapanda basi kuja chuoni Guwahati. Bibi yake, Hemoprova, alikaa safu ya mbele, tambuu shavuni.

Mtahini, profesa mmoja mkali, akamkazia macho. "Damu inakwenda mbio. Kwa nini seli ipite kwenye limfu inayojikokota?"

Jonali akaanza kujibu, kikohozi kikavu kikamkatiza.

"Mpe mtoto maji, wewe!" Bibi akafoka. "Unamhoji kama kaiba kuku?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Profesa mwenyewe akamsogezea gilasi yake. Jonali akanywa, akashusha pumzi.

"Ukuta wa mshipa wa damu umebana," alisema. "Wa limfu, kule unakoanzia, ni kama milango isiyo na komeo. Ukiisukuma kutoka nje, inafunguka. Na humo ndani hakuna msukosuko, seli inafika ikiwa hai."

Kuanzia hapo akatiririka, hakuna aliyemkamata.

Walipomwita Daktari Phukan kwa mara ya kwanza, mama yake alilia, na Bibi akaenda kumvisha profesa shingoni kitambaa cha heshima, cheupe chenye taraza nyekundu.

"Nisamehe, baba. Lakini ulizidi."

"Nilizidi, mama. Mjukuu wako kaniweza."

Jonali akamshika Bibi mkono. "Na yale niliyosema, kwamba tambuu huleta saratani hii, umeyasikia?"

"Nimesikia. Naacha."

"Lini?"

"Sikukuu ipite kwanza, daktari. Usinitibu nikiwa nimefurahi."

Nje ya ukumbi ami yake alikwisha kuanza kupiga ngoma kwenye ngazi. Mlinzi akapanda mbio kuja kuwafukuza, akamkuta profesa anacheza, mikono kiunoni, mdomo umejaa mkate wa mchele na ufuta. Akaegemeza rungu lake ukutani, akaingia katikati.