Salamu za Kuvukia Bustani

Wenzangu waliohamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam walipenda kulalamika kwamba Dodoma ni vumbi na upepo tu. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi yao, mzaliwa wa hukuhuku, na niliwajibu kwa ukali kuliko ilivyostahili. Vumbi lipo, sikatai. Lakini wao hawakutoka nje mwishoni mwa kiangazi, wakati mijakaranda inamwaga maua yake ya zambarau barabarani na mikrismasi inawaka nyekundu, huku ardhi bado imekauka kama kigae. Miti ya kwetu haingoji mvua ndipo ichanue. Inachanua kwa ubishi, na mimi nilikuwa upande wake.

Mwaka ninaoukumbuka zaidi, mama yangu alikuwa amepata kiharusi. Nilimtoa kijijini nikamleta kwangu Makole, hapa mjini, mguu wa kushoto ukiburuta. Daktari akasema lazima atembee kila siku, la sivyo mguu utakakamaa na hatainuka tena. Mama aliona huo ni mzaha. Kijijini alitembea kwa sababu kulikuwa na maji ya kuteka na kuni za kukata.

"Niende wapi?" aliuliza.

"Popote, mama. Kutembea tu."

"Kama mwehu?"

Nilimpata kwa kumpeleka bustani ya mji. Barabarani kulikuwa na mashimo na baiskeli, asingeweza. Bustanini njia ilikuwa tambarare, yenye kivuli cha miarobaini tangu lango la juu hadi lango la chini, na mabenchi ya saruji ya kupumzikia. Kila jioni nilipotoka kazini tulikwenda. Mwanzoni tulifika benchi la kwanza tukarudi, halafu la pili. Maua ya kupandwa mama aliyadharau. "Hayaliwi haya," alisema. Lakini mvua ya kwanza iliponyesha na mlenda ukachipua katikati ya maua, aliuharakisha ule mguu mbovu kuliko siku zote ili akauchume. Tukala mboga ya bustani ya serikali, na sikuona aibu hata kidogo.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yalijaa, mitumba ilimwagwa kila kona, kila mwenye kiwanja alifungua kitu. Sina ugomvi na hayo. Hata viatu vya mama vya kutembelea vilikuwa vya mitumba. Lakini jioni moja tulikuta bustani imezungushiwa waya. Ndani vilisimama vibanda vya nyasi, spika ilikuwa imefungwa juu ya mwarobaini, na langoni alikuwapo mlinzi mwenye rungu.

"Pamekodishwa," alisema. "Sasa ni kwa wateja tu. Mnunue hata soda."

Damu ilinichemka. Nilimwambia kwamba miarobaini ile tuliimwagilia sisi tukiwa shule ya msingi, tukibeba ndoo vichwani foleni nzima, na kwamba hakuna aliyetuambia tunamwagilia baa. Hakubishana nami. Alisimama tu katikati ya lango.

Mama akanisogeza kando kwa fimbo yake. Alikuwa ameisikia lafudhi ya kijana.

"Mbukwa," akamsalimia kwa Kigogo.

Mtu wa kwetu akisalimiwa hivyo hawezi kunyamaza, na salamu zetu si za neno moja. Mlinzi akaitikia. Mama akauliza habari za nyumbani, akaitikia. Akauliza wazazi, akauliza mashamba, akauliza kama mvua imefika kwao. Na huku anauliza, anatembea. Kumwacha mtu mzima katikati ya salamu ni utovu wa adabu, kwa hiyo mlinzi akamfuata, rungu kwapani, akiitikia. Mimi nilikuwa nyuma yao nikiuma midomo nisicheke. Mama alipofika kwenye afya ya mbuzi, tulikuwa tumefika lango la chini. Akamuaga vizuri, akatoka.

"Kesho tunarudi," aliniambia njiani. "Sijamuuliza habari za wakwe zake."

Tukaendelea hivyo hadi mwenye baa alipokuja kusimama langoni mwenyewe. Alikuwa mwanamume wa makamo, mgeni wa huku, shati limenyooshwa vizuri na funguo za gari mkononi. Mlinzi alikuwa kando yake, ameinamisha kichwa.

"Kuanzia leo hapiti mtu hapa bila kununua," mwenye baa aliniambia mimi, kana kwamba mama hayupo.

Nilifungua mdomo. Fimbo ya mama ikanigonga mguuni, nikaufunga.

Mama akasogea, akasimama mbele ya yule bwana. Alikuwa anangoja shikamoo yake. Wateja kwenye vibanda walianza kugeuka na kutazama. Yule bwana akamwangalia mlinzi, akawaangalia wateja wake, kisha akautazama ule mguu uliokuwa unatetemeka kwa kusimama.

"Shikamoo, mama," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko hai?"

"Yupo."

"Miguu yake?"

"Inamsumbua."

"Anatembelea wapi?"

Mama hakungoja jibu. Akapita pembeni yake, mguu ukiburuta kwenye changarawe, nami nikafuata. Hatukuzuiwa siku ile, wala msimu ule wote. Mvua zilipokatika, mama alikuwa anafika lango la chini na kurudi bila kuketi, na nilijivunia jambo hilo kuliko cheo chochote nilichowahi kupata ofisini.

Ameshafariki sasa. Alitembea kwa miguu yake mpaka karibu na mwisho. Waya umekuwa ukuta, na baa imebadilisha wenyewe mara nyingi. Lakini kila mijakaranda inapochanua, naingia kwa lango la juu, sinunui kitu, nashika njia kuelekea lango la chini. Mhudumu huja mbio kuniuliza nitakunywa nini. Nasimama, namwangalia, nangoja. Akishasema shikamoo, namuuliza mama yake hajambo, na huku natembea.