Kikombe cha Wavikingi wa Werugha

Enzi zetu, sisi tuliokulia Voi, muvi ilikuwa kitu cha kuendewa kwa miguu. Simu ya mama ilikuwa na mchezo wa nyoka tu, na hata huo tuliruhusiwa Jumapili baada ya kanisa. Kwa hivyo Jumamosi mchana tulivuka reli, vumbi jekundu likiwa limetufika magotini, tukaingia kwenye kibanda cha mabati na kubanana na mafundi wa baiskeli kwenye mabenchi. Joto la humo ndani lingeweza kuivisha mkate. Na katika joto hilo tulitazama theluji.

Mnazikumbuka muvi za Wavikingi? Zile meli nyembamba zenye kichwa cha joka, ndevu zilizosukwa, ngao zikigongwa hadi kifua chako nacho kinagonga? DJ wa kibanda alizitafsiri kwa kipaza sauti, na mfalme wa kaskazini akaongea kama mpiga debe wa stendi yetu: "Oyaa, nyinyi wa ng'ambo! Leo mtajua hamjui!" Tukapiga mabenchi mpaka mwenye kibanda akatishia kuzima jenereta.

Lakini si vita vilivyonishika. Mpiganaji alipokufa, DJ alishusha sauti: "Usimlilie huyu. Wazee wake wamemwekea nafasi mezani. Babu yupo, baba ya babu yupo, wamekaa kwa mstari wanamngoja." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, msichana mwembamba mwenye sketi ya shule iliyofupika, na nililia. Niliamini hakuna watu duniani waliowapenda wafu wao namna hiyo.

Agosti tulipelekwa Werugha, juu milimani, kwa Nyanya. Mnaijua Werugha ya Agosti: ukungu unaingia hadi jikoni, kabichi zina umande saa nne asubuhi, kimanga cha muhogo na maharagwe kinanukia moshi. Huko niliwapelekea binamu zangu wawili, Mwadime na Mghoi, dini mpya ya Wavikingi. Meli yetu ilikuwa mkokoteni usio na magurudumu, uliotelekezwa kwenye tuta la shamba. Ngao zilikuwa mifuniko ya sufuria.

"Mfuniko wangu ukirudi umebonyea," Nyanya alipiga kelele kutoka zizini, "leo mtakula ugali mbichi! Na huyo mfalme wa Voi ndiye wa kwanza!"

Mfalme wa Voi nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimeona muvi nyingi kuliko wao. Na siku ya kiapo nikasema tunahitaji kikombe. Katika muvi, mkuu alikunywa kwenye fuvu la adui.

Chini ya shamba la Nyanya palikuwa na pango. Kila mtoto alijua kwamba ndani yake, kwenye rafu ya mwamba, mlikuwa na mafuvu ya watu wa zamani. Hakuna aliyetuambia ni ya nani. Mwalimu wa Sunday school alisema ni mambo ya giza. Nyanya, mama wa kanisa, akipita hapo aligeuza uso upande wa pili. Nami nikafikiri kitu kisichozungumzwa hakina mwenyewe.

"Wee! Pale hapaguswi," Mwadime alisema.

"Wewe ni Mvikingi ama ni kuku?"

"Mimi ni kuku," alijibu bila aibu, na Mghoi akacheka hadi akakaa chini.

Nikaenda peke yangu. Nilivuta fuvu moja lililokuwa katikati, na mengine mawili yakabiringika. Niliyarudisha harakaharaka, popote yalipokaa vizuri, nikayasogeza yote yakabanana, nikakimbia. Kwenye mkokoteni nilimimina maziwa ya asubuhi. Maziwa yalivuja kila mahali, nikanywa nusu ya yaliyobaki, nikampa Mghoi. Mghoi hakucheka tena. Alianza kulia, na kilio chake ndicho kilichomleta Nyanya.

Nilingoja kiboko. Nyanya alivua leso aliyojifunga, akaliosha fuvu kwa maji ya moto ya chai, polepole, kama anayemwogesha mtoto mchanga. Akalifuta. Kisha akamtuma Mwadime amwite Babu Mwandoe, shemeji yake, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho.

Babu alikuja akiongozwa kwa fimbo. Alipitisha vidole juu ya fuvu mpaka vikakuta kibonyeo juu ya sikio. "Huyu ni babu yangu," alisema. "Alianguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga. Alipona, lakini hapa palibaki hivi."

Tukashuka, mimi nikimshika mkono. Nyanya alibaki juu kwenye tuta, kiganja mdomoni. Pangoni Babu alisema, "Nililetwa hapa mara moja tu, nikiwa mdogo kama wewe. Wamekaa kwa mpangilio, mwana kando ya babake. Mimi sioni, mwanangu. Nionyeshe ulipomtoa, nimrudishe kwao."

Nilitazama rafu. Hapakuwa na nafasi wazi, nilikuwa nimeiziba mwenyewe. Sikujua. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kwamba na wale wawili nao niliwaangusha. Lakini nilitaka kutoka pale, kwenye baridi ile, nikasema, "Hapa, Babu. Wa tatu kutoka kushoto."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, Babu."

Nikayasogeza mengine, akamweka. Akasema naye maneno machache ya Kidawida, lugha ya kwetu, kisha akanishukuru. Alinishukuru kwa kukumbuka.

Babu Mwandoe alifariki akiwa ameridhika. Nyanya naye ametangulia. Sikumwambia hata mmoja wao. Leo naandika vitabu, watu wananialika kuzungumza juu ya kumbukumbu, na mnapiga makofi.

Agosti iliyopita nilikuwa Werugha tena. Watoto wa Mghoi walikuwa wamelala kwenye kochi, wakitazama Wavikingi kwenye simu. Hawana DJ, hawana vumbi, hawajui kupiga benchi. Vita vikali vikianza, wanachogombania ni chaja. Nilitaka kuwacheka, kama tunavyopenda kuwacheka vijana wa siku hizi. Kisha mkubwa wao akaniuliza, "Aunty, hawa wazee wao wamekaa mezani kwa mpango gani?"

Nikamjibu papo hapo: mfalme katikati, wanawe kulia, mashujaa wakifuatana. Sikukosea hata mmoja.

Nilitoka nje nikashuka hadi mlangoni mwa pango. Mwamba ulikuwa na ukungu. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa pale nilipomweka kwa uongo, kati ya watu ambao huenda si babake wala si mwanawe. Watoto hawa wavivu, wa simu na chaja, hawajamtoa mtu yeyote kwake. Sisi tuliocheza nje, tuliokula kimanga, tuliolelewa vizuri kuliko wao, tulimtoa. Nilitaka kumwomba radhi, nikafungua mdomo, ndipo nikagundua kwamba hata jina lake sikuwahi kuliuliza.