Mguu wa Kushoto wa Kaunti

Mafuta ya nazi yakipashwa moto na karafuu ndani yake, hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye nyumba yangu Ganjoni, mimi huacha ninalolifanya. Jirani yangu humkanda mumewe mgongo, na harufu ile ikinipenyea dirishani narudi kuwa mtoto wa darasa la nne, nimekaa kizingitini kwetu Mji wa Kale, nimenuna.

Dada yangu Zuhura alikuwa winga wa timu ya wanawake ya kaunti. Msidhani nilimchukia. Nilimpenda, lakini nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakishuki. Mtaani hakuitwa tena Zuhura, aliitwa Kaunti. "Kaunti huyo apita," wazee wa barazani walisema, nami nikitumwa dukani naulizwa, "Wewe si mdogo wake Kaunti?" Jina langu likasahauliwa. Nyanya alipomsifu, nilinong'ona kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, methali niliyokuwa nimefunzwa shuleni wiki ile. Mgema wetu hakutia maji. Alizidi kufunga mabao.

Kilichoniuma hasa ni Mama. Siku za mechi alijitanda leso mpya ya Biashara Street, ingali na harufu ya wanga wa dukani, akanishika mkono tukaenda uwanjani. Wenziwe walipiga vigelegele. Yeye alikaa kimya, macho kwa Zuhura tu. Nikimwambia nina kiu, hasikii. Niliiona miguu yake ikitikisika chini ya buibui, nikasema moyoni, huyu anampenda mwanawe mpaka miguuni. Mimi nilipokuwa wa kwanza madrasa aliniambia "Mashallah" huku akigeuza samaki kikaangoni.

Alasiri moja Zuhura aliletwa na tuktuk, kifundo cha mguu wa kushoto kimevimba. Mama alimlaza mkekani, akapasha mafuta, akaupakata ule mguu. Aliukanda polepole, kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Laiti mguu huu ungalikuwa wangu."

Maneno yale yalinichoma. Nilipougua malaria, mbona hakutamani homa yangu iwe yake? Nikasogea mkekani, nikanyoosha mguu wangu mzima usio na hata mchubuko.

"Na mimi nikande, Mama."

"Ukitaka kukandwa, nenda kateze mpira," alisema, wala hakuinua uso. Zuhura akacheka. Nilikwenda kulia chooni.

Mwaka jana, harusini, nilikaa karibu na Bi Rehema, mwuza mbaazi wa mtaani kwetu. Zikaja habari za timu ya kaunti, naye akaguna. Timu ile, alisema, ilianza kabla kaunti hazijakuwapo. Ilianzishwa na wasichana waliokuwa wakichambua chai kwenye magodauni ya Shimanzi, wakicheza kwenye kiwanja cha vumbi baada ya kazi, madira wameyabana kiunoni kwa leso.

"Na winga wetu alikuwa mamako," aliniambia. "Kushoto kule hapiti mtu. Posa ya babako ilipokuja, akaambiwa achague."

Hakuna aliyewahi kunisimulia. Kesho yake nilikwenda kwa Mama, nikamkuta anachambua mchele. Nilimweleza niliyoyasikia. Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe. Ndipo nilipoelewa alichokitamani siku ile mkekani. Mimi nililisikia neno la mama anayetaka kumpokea mwanawe maumivu. Mama aliutaka mguu.

"Nalimuonea kijicho, mwanangu," alisema hatimaye. "Mtoto wa tumbo langu mwenyewe. Kila akigusa mpira, naona kaninyang'anya."

Aliniangalia usoni, akaniangalia sana, kama ambavyo siku zote zile nilitaka aniangalie.

"Nawe ulikuwa kando yangu kila mechi. Hukunitambua?"

"Sikukutambua, Mama," nilimwambia. "Nilidhani ni mimi peke yangu."