Klachi ya Orval Tollefson

Kwa miaka thelathini Darla Hovland, fundi wa magari, hakuwahi kumwambia mtu kifaa ni kibovu ilhali ni kizima. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa nayo pale Kilby, mashariki mwa Montana, Marekani, na Kilby yenyewe si mji wenye sifa nyingi za kugawa. Tangu amzike mumewe mwezi wa kumi, gereji ilibaki yake peke yake. Watu walikuja kumpa pole, yeye akawapa kahawa. Hakulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi, na nati za watu zilikuwa zinasubiri kufunguliwa.

Mchana mmoja wa Januari akaingia Orval Tollefson na pikapu yake ya gia za mkono, gari ya miaka arobaini. Orval alikuwa mfugaji, umri wake sabini na minne, na ubishi wake haukuwa na umri. Bampa ya mbele ilikuwa imebonyea.

"Klachi imekufa," akasema. "Niwekee mpya."

"Umeshaipima, daktari?"

"Nimeiendesha tangu wewe una meno yote. Ipimwe nini tena?"

Darla akamtaka aeleze. Huku kwao anayekaa upande wa abiria ndiye anayeshuka kufungua mageti ya malisho, na abiria wa Orval ni mkewe, Lorna, tangu waoane. Jumanne Lorna alishuka kama kawaida, akasimama mbele ya bampa akihangaika na mnyororo ulioganda kwa barafu. Orval alimsubiri na gia ya kwanza ndani, klachi ameikanyaga. Breki hakuigusa, maana pale ni tambarare. Wote hufanya hivyo. Nani ataweka breki ya mkono kwa ajili ya geti moja? Mara gari ikaruka, ikavunja nguzo.

"Na Lorna?"

"Alijitupa kando." Orval akatazama sakafu. "Kofia yake niliitoa chini ya tairi."

Darla alisikia hayo kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Akachukua funguo.

Klachi mbovu haina siri kubwa. Ama inateleza, injini inanguruma na gari haiendi. Ama haiachii, unakanyaga mpaka mwisho na gari bado inavuta. Darla akawasha gari, akavuta breki ya mkono, akaweka gia ya juu kabisa, akaachia pedali. Injini ikazima papo hapo. Basi haitelezi. Akawasha tena, akakanyaga mpaka chini, akatia gia ya nyuma; ikaingia laini bila kusaga. Basi inaachia. Mafuta ya klachi yalijaa, na hapakuwa na tone lililovuja. Klachi ilikuwa buheri wa afya kuliko mwenyewe.

Akamwita Orval akae kwenye usukani, yeye akajilaza chini ya gari na tochi, macho kwenye mkono wa chuma unaosukuma klachi.

"Kanyaga."

Mkono ukasogea nusu ya njia, ukasimama.

"Mpaka chini, Orval."

"Iko chini."

"Kanyaga bwana."

"Nimekwambia iko chini, mama. Nikizidisha nitatokea huko ulikolala."

Darla akatoka chini, akafungua mlango, akachungulia. Kiatu kilikuwa kimening'inia katikati, ncha yake imeshika pedali kwa pembeni. Orval alitazama mbele kwa uhakika kabisa, kama mtu aliyekwisha kufanya kazi yake.

"Vua kiatu."

"Watu watasema nini, Darla?"

"Vua."

Kilikataa kutoka. Darla akakivuta kwa mikono miwili. Msumari wa uzio ulikuwa umetoboa soli ukaingia ndani, na soksi ilikuwa imegandana na damu kavu. Orval aliutazama mguu ule kama wa jirani.

"Tangu lini mguu huu huusikii?"

"Ni sukari tu. Daktari alisema mambo mengi."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokuwa tunakata nyasi."

Kumbe miezi sita. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu angeumbuliwa na kifo cha mwenzake! Darla akahisi hasira kidogo, akaishangaa, maana hakuwa amehisi kitu tangu mwezi wa kumi.

"Nisikilize," Orval akasema, na ubishi wote ulikuwa umemtoka. "Mpigie Lorna, umwambie klachi imekufa na gari haitengenezeki. Sitaendesha tena, hii wala nyingine, nakuapia. Ila asijue ni mimi. Miaka yote ile amesimama mbele ya gari yangu akinipa mgongo."

Darla akafikiri. Gari ingebaki hapa, Lorna angekuwa salama, na mzee angebaki na heshima yake. Uongo mmoja katika miaka thelathini, nani angemdai? Akaenda kwenye simu ya ukutani.

"Lorna, ni Darla. Njoo na gari yako umchukue mzee. Amechomwa na msumari, apelekwe zahanati leo hii. Na pikapu basi tena. Klachi imekufa."

Upande wa pili Lorna akaanza kulia taratibu.

"Klachi," akasema. "Ilikuwa klachi kweli?"

"Ndiyo."

"Mungu anisamehe. Siku nne hizi silali, Darla. Nilikuwa najiuliza kama alitaka kuniua."

Darla akaona kwamba Lorna angelala usiku huo juu ya uongo wake. Akageuka. Orval alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, soksi mkononi, akimtazama mdomo.

"Lorna, nimekudanganya," Darla akasema. "Klachi ni nzima. Ni mguu wake, umekufa. Alidhani amekanyaga mpaka chini."

Orval akainama, akaanza kuvaa kiatu kwenye mguu ule ule wenye damu, na ilimbidi atazame kila hatua ili ajue kama umeingia.