Alimtenga Mama kwa Neno "Nimepoa", Leo Ananiita Nikambariki

Admin, ficha jina langu na la kanisa, maana huku kwetu tunajuana sote. Mimi ni mama wa miaka sabini na mbili, mjane, naishi Voi. Naandika mwenyewe kwa simu, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Nimekasirika na miwani yangu ni ya zamani.

Kuna mzee mgonjwa kule juu Werugha, kasisi mstaafu, ambaye watu humwita baba wa uamsho. Amemtuma binti yake kwangu kuomba niende nikamtase. Kwa msiotujua sisi Wataita, kutasa ni hivi: mtu mwenye kinyongo anachukua funda la maji, anayapuliza nje huku akitamka maneno ya heri, na hasira inatoka pamoja nayo. Mzee anasema hasira yangu ndiyo imemlaza kitandani. Nilicheka mpaka nikashika mlango. Kisha nikalia, kwa sababu huyo ndiye aliyemmaliza mama yangu kwa ajili ya maji hayohayo.

Miaka ya sabini mama alikuwa kiongozi wa kina mama kanisani. Uamsho ulipofika kwetu haukuanzia madhabahuni, ulianzia jikoni kwake. Wanawake walikuja wakimaliza kukama ng'ombe, wakaomba, wakaungama, na majirani waliokosana juu ya mipaka ya mashamba wakashikana mikono. Baadaye tukaletewa mwinjilisti kijana, Mtaita kama sisi, kutoka kilima cha pili. Alimkuta mama ana watu, na hilo halikumpendeza hata kidogo.

Mimi nikapata mchumba, Mkamba aliyefanya kazi ya reli hapa Voi. Mama hakumtaka. Alininunia, tukawa tunapishana nyumbani bila salamu. Lakini asubuhi ya harusi aliniita uani akanipulizia maji kifuani. Wazee wa zamani walitumia pombe ya miwa. Mama alikuwa ameokoka, kwa hiyo alichota maji ya kunywa, na aliyemtaja ni Yesu. "Nenda mwanangu, sina kitu moyoni," aliniambia. Nilifika kanisani gauni likiwa na alama za maji, nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Jirani mmoja alituona. Jumapili iliyofuata nilirudi na mume wangu kutoa shukrani. Baada ya ibada kulikuwa na ushirika wa waliookoka, ambapo kila mtu alitakiwa kuleta mambo yake nuruni. Mwinjilisti akasimama, akamtazama mama.

"Dada, tumesikia unatemea watu maji ya mizimu."

"Mizimu gani?" mama akauliza. "Nilikuwa na hasira na mtoto yangu, nikaitoa. Nimetaja Yesu."

Akatikisa kichwa, eti anasikitika. "Dada, wewe umepoa."

Sasa hapo ndipo penye shida. Kwa waliookoka wa siku zile, "umepoa" ni hukumu: moto wa Roho umezimika, umerudi nyuma. Lakini Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuazima. Aliwaza kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, na kwetu moyo uliopoa ni moyo usio na kinyongo. Alidhani hatimaye ameeleweka. Uso ukamng'aa, akajibu kwa sauti, "Ndiyo, mwinjilisti! Nimepoa kabisa. Mungu asifiwe!"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Na yule mtu, aliyelelewa na bibi aliyemtasa tangu utotoni, aliyejua vizuri kabisa mama anamaanisha nini, akawageukia watu. "Mmesikia wenyewe. Amekiri, na tena anajisifu."

Nilisimama nieleze. Nikaambiwa bibi harusi aketi.

Mama alivuliwa uongozi na kuzuiwa meza ya Bwana. Hakuhama. Alikaa benchi la nyuma kila Jumapili, wenzake aliowafundisha kuomba wakimpita kwenda kupokea mkate. Maombi ya jikoni yakafa. Mwinjilisti akasomeshwa, akawa kasisi, na mama alipofariki miaka ya themanini alikataa kumzika. Tuliimba wenyewe, mimi na mume wangu na majirani wachache. Huyo ndiye baba wa uamsho!

Binti yake ni mpole, sina ugomvi naye. Nilimwambia, "Nitakuja. Lakini kwanza baba yako abebwe mpaka kanisani, aseme mbele ya watu mama yangu alimaanisha nini."

Akashtuka. "Mama, hiyo haiwezekani. Baba anaomba iwe siri. Waumini wakijua ametaswa watasema nini?"

Siri! Mama aliaibishwa mchana kweupe, yeye anataka kuponywa chumbani mlango umefungwa.

Wanangu wanasema nisamehe tu, mzee hana siku nyingi. Mchungaji wetu wa sasa naye anasema Biblia iko wazi. Najua iko wazi, nimeisoma kuliko wao. Lakini kutasa si mchezo wa kuigiza. Nikipuliza maji na hasira imebaki ndani, nitakuwa nimemlowesha mgonjwa tu. Na nikiitoa kweli, ndugu zangu, hapo ndipo ninapoogopa. Wote waliokuwa kwenye ushirika ule wamekufa au wamesahau. Duniani nimebaki mimi peke yangu ninayekasirika kwa ajili ya mama.

Msiniandikie "samehe" halafu mkapita. Nataka kusikia kutoka kwa aliyewahi kubeba kitu kama hiki. Niende nikamtase kwa siri, au nikatae mpaka atakaposema ukweli hadharani, hata kama atakufa kabla? Binti anarudi Jumamosi. Nimjibu nini?